Ngozi ya Kikonyo: Tusihukumu kazi ya waganga mbele ya kuijua

Kuna maswali ambayo hatukuyakuta katika vitabu vya Seminari Kubwa, lakini yanatungoja kila asubuhi mlangoni pa nyumba ya mapadri. Moja la maswali hayo lilitufikia hapa Kisenge, nasi hatukulijibu vema. Tunaandika habari hii ili ninyi mpate kulijibu vema kuliko sisi.

Mtoto mmoja wa parokia, mwenye umri wa miaka minane, aliugua surua. Kiisha surua alishikwa na ugonjwa ule ambao waganga wanauita noma. Ugonjwa huu huwashika hasa watoto wadogo wenye njaa, ambao miili yao imekwisha kudhoofika. Huanza kama kidonda kidogo katika ufizi, na kwa muda wa siku chache tu hula shavu, midomo, hata mfupa. Wasiopata dawa, walio wengi hufa. Mwaka 2023, mwezi wa kumi na mbili, Shirika la Afya la Ulimwengu liliuandika katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa. Mtoto wetu hakufa, lakini alibaki na tundu kubwa katika shavu la kuume. Meno yalionekana nje, mate yalitiririka, chakula kilianguka. Aliacha shule. Katika Misa alikaa nyuma ya watu wote, na kitambaa usoni.

Wazazi wake walikusanya fedha ya safari, wakampeleka katika lupitalo moja ya mbali, ambako waganga waliahidi kuliziba lile tundu. Huko, katika chumba cha wagonjwa, walimwona mtoto mwingine aliyekwisha kupasuliwa. Kipande kirefu cha ngozi kilitoka kifuani pake, kikapanda kama daraja mpaka shavuni, kikashonwa pale. Mama aliingiwa na hofu kubwa. Mtu mmoja aliyekuwa pale akamwambia ya kuwa nyama ile imetolewa kwa maiti. Kesho yake walimchukua mtoto wao, wakarudi naye Kisenge.

Basi maneno yakaenea, kutoka kambi ya wafanyakazi mpaka sokoni. Wengine walisema: ni nyama ya wafu. Wengine: ni uchawi wa kuchanganya watu. Nkambo wake mtoto alisema ya kuwa mwenye kubadili uso anamtukana Mungu aliyemwumba. Katekista wetu alikuja jioni, akauliza: «Padri, watu wananiuliza kama ni dhambi. Nijibu nini?» Tulimjibu: «Tutaangalia.» Kweli, hatukujua neno lolote la kazi ile, tena tuliona haya kusema hatujui. Watu waliposikia ya kuwa Padri hakusema ndiyo, walisema: Padri naye amekataa. Mwaka mzima ukapita, na katika mwaka ule kovu lilikaza taya la mtoto, hata kufungua kinywa ikawa shida.

Tuangalie basi kwanza jambo lenyewe, kisha maneno ya watu, kisha mafundisho ya Eklezya.

I. JAMBO LENYEWE

Kila mkulima anajua ya kuwa tawi likikatwa mtini linakauka, kwa sababu halipati maji tena. Ngozi ni vivyo hivyo: inaishi kwa damu. Mganga akiondoa ngozi nyembamba sana, kwa mfano ya paja, anaweza kuilaza juu ya kidonda chenye damu nzuri, nayo itashika. Lakini pahali penye tundu kutoka nje mpaka ndani ya kinywa, ngozi nyembamba haina kitanda cha kulalia. Inahitajiwa ngozi nene, yenye mafuta yake ya chini. Na ngozi nene ikikatwa pande zote, itakufa mbele ya kupata damu mpya.

Ndiyo maana waganga waligundua njia hii: wanakata kipande pande tatu, na upande wa nne wanauacha umeshikana na mwili. Upande huo tunaweza kuuita kikonyo, kama kikonyo cha tunda kinachopitisha maji ya mti. Damu inapita katika kikonyo na kukilisha kipande. Ncha ya mbele inashonwa pahali penye tundu. Kwa muda wa majuma matatu hivi, mishipa midogo ya shavu inaingia katika ngozi ile mpya na kuanza kuilisha. Hapo mganga anakata kikonyo, na sehemu iliyobaki inarudishwa kifuani. Ile ngozi ya kifua na bega ilielezwa na mpasuaji Bakamjian huko Marekani mwaka 1965. Ngozi ya paji la uso ilikuwa imetumiwa zamani sana mbele yake.

Kwa hiyo lile daraja aliloliona mama si nyama ya mtu mwingine. Ni mwili wa mtoto mwenyewe, ambao haujatengwa naye hata saa moja. Kinatisha macho, ni kweli, lakini ni kwa majuma machache tu.

Tusifiche shida zake. Mgonjwa anapasuliwa mara mbili au zaidi. Kwa shavu lililotoboka kabisa inatakiwa ngozi ya ndani na ngozi ya nje. Ncha ya kipande inaweza kufa, usaha unaweza kuingia, na dawa ya usingizi ina hatari yake. Kifuani panabaki kovu. Ngozi ya kifua haifanani kabisa na ngozi ya uso. Mwenye kuahidi uso kama wa kwanza anadanganya. Lakini mtoto atakula, mate hayatatoka, naye atatembea bila kitambaa.

II. HATA WENYE ELIMU WALIKOSEA

Tusidhani ya kuwa maneno ya Kisenge ni ya watu wasiosoma tu. Wakubwa wa elimu walisema maneno yale yale, mbele yetu kwa miaka mia nne.

Katika karne ya 15, huko Catania katika Sisilia, walikuwako wapasuaji wawili, baba na mwana, wa jamaa ya Branca. Walitengeneza pua za watu waliokatwa pua vitani au katika ugomvi. Baba alitumia ngozi ya uso. Mwana wake Antonio alianza kutumia ngozi ya mkono, ili asiongeze makovu usoni. Kisha Gaspare Tagliacozzi, mwalimu wa Bologna (1545–1599), akaieleza kazi hiyo waziwazi katika kitabu kikubwa kwa lugha ya Kilatini, kilichochapwa Venezia mwaka 1597. Alifungua ngozi ya mkono wa juu, akaishona puani, akaufunga mkono kichwani kwa mavazi maalumu, mpaka ngozi iliposhika; kisha akakata kikonyo. Yeye mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na kupandikiza miti.

Lakini wapinzani walisemaje? Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa wafalme wa Ufaransa, aliandika ya kuwa Waitalia wanachimba tundu katika nyama ya mkono na kuitia pua humo. Fallopio naye aliandika ya kuwa msuli wa mkono unakatwa, hata akaona heri mtu akae bila pua kuliko kuteswa hivyo. Hakuna msuli uliokatwa: ilikuwa ngozi tu. Walihukumu kazi nyingine, isiyokuwako.

Vibaya zaidi ni hadithi iliyoandikwa na mganga van Helmont mwaka 1621. Alisema ya kuwa mtu mmoja wa Bruseli alipata pua mpya kwa Tagliacozzi, iliyokatwa mkononi pa mchukuzi maskini. Na kiisha miezi kumi na mitatu pua ikapoa na kuoza, kwa sababu yule mchukuzi alikuwa amekufa saa ile ile. Watu wa Ulaya walicheka hadithi hii kwa miaka mingi, nayo ikaiharibia kazi ile jina lake. Lakini Tagliacozzi alikuwa amekwisha kushauri ya kuwa ngozi itoke kwa mgonjwa mwenyewe. Tazama: «nyama ya mtu mwingine» ya sokoni kwetu ilitembea Ulaya mbele ya kufika Kisenge!

Kazi ikasahauliwa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza habari ya mtu wa India, mwongozaji wa ng'ombe wa jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua, naye akatengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso, kwa desturi ya kale ya nchi ile. Mwaka 1814 mpasuaji Carpue akafanya vivyo hivyo London. Katika vita kuu ya kwanza, mwaka 1917, Harold Gillies alianza kukikunja kikonyo kama bomba ili usaha usiingie, akawatengeneza askari wengi waliopasuliwa uso na risasi.

Na Afrika yetu haikukaa nje ya habari hii. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kazi hii hii, Michael Wood aliyekaa Kenya, Archibald McIndoe wa Uingereza na Tom Rees wa Marekani, walianzisha AMREF, ambayo ndege zake zilipeleka waganga vijijini katika Afrika ya Mashariki. Watu wengi wanawajua waganga wale wa ndege. Wachache wanajua ya kuwa walioanzisha shirika lile walikuwa watengenezaji wa nyuso.

III. MANENO YA WATU, NA MAJIBU YAKE

Neno la kwanza: «Ni nyama ya mtu mwingine, au ya maiti.»

Tumekwisha kujibu: ni ya mgonjwa mwenyewe. Tuongeze sababu moja ya elimu. Mwaka 1943 Thomas Gibson na Peter Medawar walionyesha huko Glasgow ya kuwa ngozi ya mtu mwingine, hata ya ndugu, inakataliwa na mwili. Ikiwekwa mara ya pili inakataliwa upesi zaidi. Kwa utafiti wa namna hiyo Medawar alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mganga anayetaka shavu la kudumu hana faida ya kwenda kutafuta ngozi ya maiti.

Lakini tuseme hata ingekuwa ya maiti: je, ingekuwa lazima kuogopa? Mwezi wa tano 1956 Papa Pio XII alifundisha ya kuwa kutoa sehemu ya jicho la marehemu ili kumponya kipofu si kosa katika yenyewe, mradi heshima ya mwili na haki za jamaa zishikwe. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha ya kuwa kutoa viungo kwa hiari kiisha kufa ni halali, tena kunaweza kuwa na stahili. Na watakatifu Kosma na Damiano, tunaowataja katika Kanuni ya Kirumi ya Misa, wana hadithi ya kale: walimwekea mtumishi wa kanisa mguu wa mtu mweusi aliyekufa. Ni hadithi tu, lakini Wakristu walioichora makanisani hawakuiona kuwa uchawi.

Na ufufuko? Mtakatifu Augustino aliliuliza swali gumu zaidi katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu: mwili ulioliwa na mtu mwingine katika njaa utafufuka na nani? Akajibu ya kuwa utarudi kwake aliyekuwa nao kwanza, kwa kuwa Muumba hashindwi kukusanya kilicho chake. Basi asiyeshindwa na hilo hatashindwa na ngozi iliyohama kifuani ikaenda shavuni.

Neno la pili: «Ni kuharibu kazi ya Mungu.»

Tumsikilize nkambo kwa heshima, kwani anatetea jambo jema: mwili si mali yetu ya kuchezea. Lakini tumwulize kwa upole: tundu lile lililetwa na nani? Njaa na ugonjwa. Anayeziba haharibu kazi ya Mungu, anairudisha. Tena wazee wetu Wachokwe walichonga meno na kuchanja alama usoni kwa ajili ya uzuri na heshima. Kinyago cha Pwo, mwanamke mzuri, kinaonyesha alama hizo mpaka leo. Hawakudhani ya kuwa uso haugusiki kamwe.

Mtakatifu Toma anafundisha (II-II, q. 65, a. 1) ya kuwa kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima, na kwa faida ya mwili mzima kinaweza hata kukatwa. Pio XII aliyarudia hayo kwa waganga mwezi wa tisa 1952. Hapa hakikatwi hata kiungo: ngozi ya mwili inausaidia mwili ule ule. Na mbele ya wapasuaji wote, tukumbuke bustani ya Mizeituni: Petro alikata sikio la Malko, naye Bwana, usiku ule wa mateso yake, aligusa sikio la adui akamponya (Lk 22, 51). Hakusema: sikio si kitu, roho yatosha.

Neno la tatu: «Ni majivuno.»

Hapa tugawanye vizuri, kwa maana neno hili lina kweli ndani yake. Tarehe 4 ya mwezi wa kumi 1958, siku tano mbele ya kufa kwake, Pio XII aliwapokea wapasuaji wa Italia wa kazi hii akawafundisha kirefu. Alisema uzuri wa mwili ni mema ya kweli, lakini uko chini ya mema mengine. Kupasua kwa ajili ya uzuri si kubaya katika kwenyewe. Kunaruhusiwa nia ikiwa njema, afya isipotiwa katika hatari kubwa, na sababu zikiwa za akili na zenye uzito wa kulingana na njia hiyo. Lakini ni kosa ikiwa nia ni kuwavuta wengine katika dhambi, au kumficha mwovu asikamatwe na sheria, au kazi ya viungo ikiharibiwa, au ni majivuno na kufuata desturi za siku hizi tu.

Mtoto asiyeweza kula, aliyeacha shule na anayejificha Kanisani, je, ni mwenye majivuno? Tuyaweke maonyo ya Papa pahali pake. Tuwaonye kwa maonyo hayo wale wanaochubua ngozi kwa dawa kali za sokoni, zinazoharibu afya. Tusimtwike mgonjwa wa noma dhambi ya wengine.

Neno la nne: «Ni kazi ya zamani, wanajaribia maskini.»

Neno hili tulilisikia kwa watu waliosoma. Ni kweli, tangu miaka ya 1970 wapasuaji wanaweza kukata kipande chote na kuunga mishipa yake upya chini ya mikroskopi, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ndiyo maana kikonyo kirefu kinaonekana mara chache leo katika lupitalo kubwa za Ulaya. Lakini kazi ya mikroskopi inataka vyombo vya bei, saa nyingi za usingizi, na walinzi wa kuangalia kipande usiku na mchana. Mshipa mmoja ukiziba, kila kitu kinakufa. Pahali pasipo na vyombo hivyo, kikonyo kina usalama wake. Cha zamani si kibaya kwa kuwa cha zamani. Swali la kuuliza ni kama mganga ameijua kazi, na kama amewaeleza wazazi yote, hata hatari.

IV. NENO MOJA KWA WASEMINARI

Mmoja wenu ataniuliza: je, mwenye uso ulioharibika anaweza kuwa padri? Kitabu cha Walawi (sura ya 21) kilimkataza kuhani mwenye kilema cha uso asitoe sadaka. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917, kanuni 984, ilimzuia yule ambaye, kwa ajili ya ubaya wa umbo, hawezi kuhudumia altare kwa heshima inayofaa. Sheria ya mwaka 1983 haina tena kizuizi hicho. Kuhusu mwili na akili, kanuni 1029 inadai tu sifa zinazofaa daraja. Kanuni 1041 inamzuia mwenye kujikata au kumkata mwingine vibaya na kwa ubaya wa nia. Mgonjwa aliyeshonwa shavu hahusiki na neno hilo hata kidogo. Msimfukuze kijana kwa sheria iliyokwisha, wala kwa sheria isiyomhusu.

V. TUFANYE NINI?

Kwanza, tukiulizwa jambo la uganga tusilolijua, tuseme: «Sijui, lakini nitauliza, na Jumapili nitawajibu.» Tena tuulize kweli. Kunyamaza kwa padri si kitu kitupu. Watu wanakisoma kama hukumu.

Pili, tumwulize anayeijua kazi. Sista mmoja anayehudumia wagonjwa ndiye aliyetueleza sisi. Alichukua kipande cha kitambaa, akakikata pande tatu, akakikunja juu ya meza. Kwa dakika kumi tuliona tulichokosa kukiona kwa mwaka.

Tatu, makatekista wawaandae wazazi mbele ya safari: wataona daraja la ngozi, litatisha, ni mwili wa mtoto mwenyewe, litakatwa kiisha majuma matatu hivi, wasikimbie katikati ya kazi. Anayekimbia wakati ule anamwacha mtoto vibaya kuliko mwanzo.

Nne, tusiwalazimishe. Njia hii ina hatari na mateso. Wazazi wana haki ya kuuliza na kufikiri. Kazi yetu ni kuondoa hofu ya uongo, ili hofu ya kweli ipimwe kwa akili.

Kuhusu mtoto wetu: Jumapili moja, kiisha Misa, tulisimama mbele ya waamini na kusema ya kuwa hatukukataza, na ya kuwa tulikosa kwa kunyamaza. Kisha tulikwenda na katekista nyumbani kwa nkambo. Tulizungumza mpaka usiku, naye mwishoni akasema: «Kama ni ngozi yake mwenyewe, mpelekeni.» Kazi ikawa ngumu zaidi, kwa ajili ya taya lililokwisha kukaza, alikaa huko miezi mingi, na mpaka leo hafungui kinywa sana. Shavu lake lina rangi nyingine kidogo, na kifuani pana kovu.

Lakini anakula pamoja na wenzake. Mwaka huu alipokea Komunyo ya kwanza, katika mstari wa mbele, bila kitambaa.